Mpasuko wa Katikati

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe tisa Mei, siku moja kabla ya gwaride la maua, pale Adelino Fragoso alipofungua kasha la marehemu mkewe kutafuta sindano.

Tangu Januari alikuwa hajaligusa. Deolinda alipokufa, wanawake wa mtaani walikuja kuomba nguo zake wazipeleke kanisani kwa maskini, naye akawajibu mlangoni kwamba maskini wa nyumba ile ni yeye, kisha akawafungia. Kasha akaliacha chini ya dirisha, na juu yake akaweka kikapu cha viazi, ili jicho likipita pale lione viazi.

Lakini Jumamosi ile uani kulijaa wanachuo. Nyumba ya Adelino imeegemea mteremko chini ya Kanisa Kuu la Zamani. Mama mkwe wake alikuwa akipangisha vyumba vya juu kwa wanafunzi, Deolinda naye akapangisha, na sasa Adelino alipangisha, ingawa kwa shingo upande. Hapo Coimbra, mji wa chuo wa Ureno, kila mwenye joho jeusi huitwa dokta, hata kama hajui kuchemsha yai. Madokta hawa walikuwa wakishinda uani tangu Februari wakikunja maua ya karatasi ya kupambia malori ya vitivo vyao. Chuo cha miaka mia saba na ushei, alikuwa akisema Adelino, na kazi ya maana inayofanyika humo ni hii ya chekechea.

"Mzee Adelino!" aliita Baltasar, yule kijana mpiga gitaa wa chumba cha kona, ambaye mwaka wake wa masomo hata mama yake aliacha kuuhesabu. "Joho langu limeachia kifungo. Una sindano?"

"Dokta mzima huna sindano?"

"Mimi dokta wa mashine, mzee. Vifungo sikusomea."

"Wa mashine! Juzi kopo la dagaa limekushinda, ukalipeleka kwa jirani."

Wenzake wakaangua kicheko. Iria ndiye aliyecheka zaidi. Huyu alikuwa mwanafunzi wa dawa, mwaka wa mwisho, mtoto wa kisiwa cha Graciosa, mbali huko katikati ya bahari, na alikuwa na kawaida ya kumletea Adelino supu bila kuulizwa.

"Na wewe, mzee, usijifanye umesahau ahadi yako," alisema. "Kesho baada ya gwaride. Upande wa kushoto."

Hakuwa amesahau. Mwanachuo akifika mwaka wa mwisho, joho lake hupasuliwa na watu wake, kwa mikono au kwa meno, mkasi ni marufuku. Baba yake Iria hakuwa na nauli ya ndege. Wiki ile Iria alikuwa amebisha hodi akamwomba Adelino asimame mahali pa baba, apasue upande wa kushoto, ambao ni wa familia. Adelino alimjibu kwamba hana kazi ya kuharibu nguo za watu. Kisha akasema atafanya. Tangu msiba, ilikuwa mara ya kwanza moyo wake kupata joto.

Basi akaingia ndani, akashusha viazi, akafungua kasha. Mablanketi ya baridi. Shuka. Koti la Deolinda la kanisani. Chini kabisa kulikuwa na foronya kuukuu iliyofungwa fundo, na ndani yake kitu kizito. Akafungua. Joho jeusi la mwanachuo.

Hakushtuka. Deolinda alishonea nusu ya madokta wa mji, suruali, makola, na kila joho lililokwama kwenye misumari ya vilabu vya mvinyo. Adelino akaliweka mkononi akatoka nalo uani, na hilo ndilo kosa alilolijutia baadaye. Angelitazama kwanza peke yake.

"Nani kati yenu kasahau joho lake kwa Bi Deolinda?" aliuliza. "Mnapoteza hata mavazi, halafu mje mtutawale."

Iria akalipokea, akalitandaza juu ya meza, juu ya maua. Baltasar aliyekuwa akichezea nyuzi za gitaa akaacha.

Lilikuwa la zamani. Kitambaa kizito ambacho siku hizi hakiuzwi tena, nondo wamelila huku na huku. Pembeni lilikuwa zima, kushoto na kulia. Lakini mgongoni, katikati, kulikuwa na mpasuko mmoja mrefu uliopanda kutoka kwenye pindo. Nusu yake ya chini ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu. Nusu ya juu ilikuwa wazi kama mdomo. Na pale ushonaji ulipokomea, sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kitambaa, safi, haina kutu hata chembe. Uzi haukuwemo tunduni. Ncha ya uzi mwekundu ilining'inia tu pembeni yake.

Baltasar akaliegemeza gitaa mezani.

"Mbona mmekufa ganzi?" alisema Adelino.

"Hamna kitu, mzee," Iria akaanza kulikunja.

"Liache. Baltasar, wewe ni mwongo lakini huwezi kunyamaza. Sema."

Baltasar akajikohoza. "Ni huo mpasuko, mzee. Kushoto familia, kulia marafiki. Hiyo unaijua. Sasa katikati... katikati ni wa mpenzi. Mmoja tu. Yeye mwenyewe ndiye anaupasua. Na mapenzi yakiisha, unashonwa. Kwa uzi wa rangi ya kitivo."

"Nyekundu ni kitivo gani?"

Baltasar alimtazama Iria. Iria alitazama maua.

"Nimeuliza nyekundu ni nini!"

"Sheria, mzee," alisema Iria polepole. "Lakini Bi Deolinda alishonea watu wengi. Pengine mtu alileta akasahau."

"Pengine," alisema Adelino, akalichukua joho akaingia nalo ndani, na kifungo cha Baltasar hakikushonwa siku ile wala baadaye.

Mtu anayeleta joho kwa fundi hulifunga ndani ya foronya? Fundi naye huficha kazi ya mteja chini ya koti lake la kanisani? Adelino aliketi kitandani akalinusa. Joho la Coimbra halifuliwi, ukilifua umefuta bahati na kumbukumbu zake, kwa hiyo harufu ya mwenyewe hukaa humo mpaka mwisho wa dunia. Hili lilinuka tumbaku. Yeye hakuwahi kuvuta. Vumbi la kiwanda cha saruji lilimtosha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Chake kilikuwa kimelala chini ya viazi.

Hapo ndipo akili yake ilipoanza kutembea, na akili ya mtu aliyekaa peke yake haitembei, hukimbia. Mwanasheria. Ni mwanasheria yupi aliyekuwa akivua kofia kila akikutana na Deolinda, akainama kama anapita mbele ya altare? Dokta Anselmo Quadros, aliyekuwa mwanasheria wa halmashauri mpaka alipostaafu. Paa lao lilipoanza kuvuja, majirani walisubiri kibali miaka mitatu, mvua zikawanyeshea kitandani. Cha kwao kilitoka kabla ya Krismasi. Adelino aliamini wakati ule kwamba ni yeye aliyewafokea pale dirishani mpaka wakaogopa. Sasa akajiona mjinga. Tangu lini halmashauri ikaogopa mtu wa darasa la nne?

Akakumbuka hospitali. Waliambiwa wasubiri simu, kitanda hakipo. Wakasubiri, wakasubiri, wakubwa wakipishana na miwani yao, mpaka Deolinda akasema, "Nitazungumza na mtu." Mtu gani? Kitanda kikapatikana, kikiwa kimechelewa kama kila kitu kitokacho kwa wakubwa, lakini kikapatikana. Na kwenye mazishi Quadros alisimama nyuma, kando ya ukuta, akajifuta macho. Adelino alidhani ni mafua. Mwanasheria wa halmashauri amlilie mshona vifungo?

Na Desemba! Desemba Adelino alitoka duka la dawa akamkuta Quadros huyohuyo akishuka ngazi za nyumba yake, mikono mitupu. "Ameleta suruali ya kupunguza," alisema Deolinda. Suruali. Adelino hakuwahi kuiona suruali hiyo.

Jumapili alivaa koti lake zuri, akalitia joho kwenye mfuko wa plastiki wa duka la mboga, akashuka mjini.

Gwaride la maua linajulikana. Malori yamefunikwa maua ya karatasi mpaka matairi, kila kitivo na rangi yake, na juu yake vijana wanaimba, wanarusha maua, wanamwaga bia juu ya watu wazima waliokuja wenyewe kumwagiwa. Wa mwaka wa mwisho wamevaa kofia ndefu, wameshika fimbo, na wenzao wanawagonga kofia kwa fimbo hizo mpaka zinabonyea. Siku hiyo hakuna mlinzi wala askari anayemwuliza mwanachuo kitu. Wakiwa vijana wanacheza barabarani. Wakizeeka wanaingia ofisini, mchezo ni uleule, alisema Adelino moyoni, isipokuwa pale ofisini anayemwagiwa ni wewe.

"Mzee! Mzee Adelino!" Iria alimpungia kutoka juu ya lori la zambarau, kofia imemfunika nyusi. "Usiende mbali! Baba atapiga simu saa kumi na moja!"

Baltasar, aliyelidandia lori lile lisilo la kitivo chake, akainama, akamnyoshea kopo la bia. "Shika, mzee, upunguze sura hiyo. Unatisha farasi."

"Farasi wako wapi?"

"Wamekwisha kimbia!"

Adelino hakucheka. Alikuwa ameshawaona. Wazee wa chuo walitembea kandokando ya malori, majoho yao ya ujana mabegani, wakiimba kwa sauti zilizochakaa. Quadros alikuwa miongoni mwao, mrefu, mweupe kichwani, joho lake amelikunja na kulitupia bega la kushoto. Kwa hiyo mgongo wa joho haukuonekana. Adelino alimfuata nyuma kutoka juu mlimani mpaka karibu na mto, bia ikimchuruzika shingoni, akingoja joho likunjuke. Halikukunjuka. Mbona wengine wote wameyaachia yaning'inie, yeye peke yake amelikunja? Anaficha nini?

Mwisho wa njia wazee waliingia kilabu kimoja karibu na daraja, wakaagiza nyama ya mbuzi iliyopikwa kwa mvinyo mwekundu. Adelino akaingia nyuma yao, akasimama mbele ya meza.

"Bwana Fragoso!" Quadros aliinuka nusu. "Karibu, keti. Leteni glasi nyingine."

"Sikuja kunywa. Geuka."

"Nigeuke?"

"Nataka kuuona mgongo wako, dokta."

Meza nzima ikalipuka. "Anselmo, amekuja kukupima sanda!" alisema mmoja. "Mgongo huo hata mkewe alichoka kuutazama," alisema mwingine, akigonga meza kwa uma.

Quadros hakucheka. Alimtazama Adelino, akautazama mfuko wa plastiki, kisha akasimama, akalikunjua joho lake, akageuka polepole mbele ya watu wote. Kushoto mipasuko mitupu. Kulia mipasuko mitupu. Katikati kitambaa kilikuwa kizima, kimenyooka, hakijaguswa na jino la mtu.

"Umeona mwenyewe," alisema Quadros bila kugeuka. "Sikupata wa kunipasulia. Sura hii nilikuwa nayo tangu ujana."

Adelino aliona haya ikimpanda masikioni, hata kwenye sikio lake moja lisilosikia tangu jeshini. Alikuwa amemdhania mtu bure, mbele ya mbuzi na mvinyo. Akatia mkono mfukoni ili alitoe lile joho, amwombe radhi, aulize kwa adabu kama yupo anayelitambua. Pindo tu ndilo lilikuwa limetokeza, kitambaa cheusi kisichozidi kiganja, pale Quadros alipogeuka akaona, akasema kwa sauti ndogo:

"Kumbe hakumaliza."

Adelino akabaki mkono ndani ya mfuko.

"Nani hakumaliza? Kumaliza nini?"

"Tutoke nje, Bwana Fragoso."

"Semea hapa!"

"Tutoke nje, ndugu yangu. Nakuomba."

Walisimama kwenye ukuta wa mto Mondego, wakizipa mgongo kelele za gwaride. Chini yao kijana mmoja aliyelewa alikuwa akijaribu kuiopoa kofia yake majini, wenzake wakimpigia makofi.

"Ni la Plácido Serrano," alisema Quadros. "Tulikaa chumba kimoja kwenu, kile cha kona, wakati wa mama mkwe wako. Sote wawili sheria. Mwaka ule wa mgomo wa wanachuo, sitini na tisa, alikuwa mbele kila mahali. Wakamkamata, wakamtoa chuoni, wakamvika sare ya jeshi. Wakampeleka Msumbiji, kwenye vita vya makoloni. Hakurudi."

"Na mke wangu?"

"Hakuwa mkeo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akitupandishia kahawa asubuhi."

"Alimpasulia joho."

"Ndiyo."

"Kwa meno?"

"Sikuwepo, Bwana Fragoso. Mambo hayo hayafanywi mbele ya watu."

Adelino akashika ukuta. "Mimi walinipeleka Guinea. Sikio hili nililiacha huko. Na wewe, dokta, wewe walikupeleka wapi?"

Quadros alitazama maji. "Baba yangu alikuwa na marafiki."

"Nilijua tu. Mwenye marafiki hubaki anatunza majoho ya wenzake." Alitema mate mtoni. "Endelea."

"Siku ya kuondoka aliniachia joho ndani ya foronya. Akasema, ni la Deolinda. Nilitaka kumpa, lakini hakuuliza. Halafu wewe ukarudi, ukaja kupaka ukuta wa ile nyumba chokaa, akaolewa nawe. Nikaona si haki kuingia na kitu kile. Nikaliweka. Miaka yote ile hakuliuliza hata kwa jicho. Desemba akanipigia simu. Akasema, niletee lile joho, kuna kazi sikuimaliza."

"Kazi gani?"

"Hakusema. Nami sikuuliza. Alijua anaumwa, na mimi nilijua anajua."

Adelino alilitoa joho lote, akaliweka juu ya ukuta, kidole chake kikaenda pale kwenye sindano.

"Ulipompelekea lilikuwaje? Huu mpasuko ulikuwa umeshonwa wote, au ulikuwa wazi wote?"

"Sikufungua fundo. Kamwe. Halikuwa langu."

"Miaka arobaini na zaidi hukufungua?"

"Sikufungua."

"Waligombana kabla hajaondoka? Maana kama waligombana, alilishona wakati ule. Kama hawakugombana, lilibaki wazi."

Quadros alichelewa kujibu. Huko nyuma lori moja lilipiga honi, watu wakashangilia.

"Juma la mwisho sikuwaona wakizungumza," alisema. "Lakini juma lile hakuna aliyezungumza na mtu pale mjini. Kila ukuta ulikuwa na sikio."

Mtu aliyesomea sheria hadanganyi, alijiambia Adelino akipanda ngazi kurudi nyumbani, huupanga tu ukweli apendavyo. Kwa nini alichelewa kujibu? Na kama hakufungua fundo, alijuaje kwa kuona pindo la kiganja kimoja kwamba hakumaliza? Na kile kitanda cha hospitali, na kibali cha paa, vyote vilikuwa vya nini? Deni la maiti? Au mzee yule wa mgongo mzima alikuwa na lake mwenyewe, akijificha nyuma ya rafiki aliyekufa ambaye hawezi kuitwa shahidi? Na hata kama kila neno ni kweli, ukweli huo unamfanya yeye Adelino kuwa nini? Yule aliyerudi. Serikali ile ya zamani ilichukua wawili, ikarudisha mmoja mwenye sikio moja, na Deolinda akapokea kilichorudishwa.

Aliyakumbuka maisha yao akitafuta ufa. Hakuona ufa. Aliona supu, homa za baridi, mtoto wao wa pekee aliyehamia Ufaransa kwa sababu wakubwa hawakubakiza kazi, kicheko cha Deolinda siku paka alipoanguka kwenye chokaa. Lakini hata ukuta uliopakwa vizuri hauonyeshi ufa. Nani ajuaye hilo kuliko mpaka chokaa?

Uani walikuwa wakimngoja. Iria alikuwa ameshavua kofia, nywele zimelowa bia, joho lake amelinyosha kwa mikono miwili. Baltasar alishika simu juu, na kwenye kioo chake kulikuwa na mwanamume mwenye masharubu na nyuma yake ng'ombe wawili.

"Baba, huyu ndiye Mzee Adelino."

"Shikamoo, mzee mwenzangu," alisema mtu wa Graciosa, akavua kofia yake. "Nimevaa shati jipya kwa ajili hii. Usimwonee huruma, pasua vizuri. Huyo ametugharimu ndama watatu."

"Baba!"

"Nasema kweli! Na yule wa nne ameanza kutukimbia, amesikia unataka kuendelea kusoma."

Adelino alishika pindo upande wa kushoto, akavuta. Halikupasuka. Akavuta tena, mishipa ikamtoka shingoni, kitambaa kikakataa.

"Meno, mzee," alisema Baltasar. "Bila meno haianzi."

Akainama, akaling'ata. Ladha ya sufu na bia ikamjaa mdomoni. Ilimbidi akaze taya mpaka macho yakatoa machozi, akatikisa kichwa kama mbwa mwenye mfupa, na ndipo uzi wa kwanza ulipokatika, halafu wa pili, kisha mikono ikamalizia na mlio ukatoka, *praaa*, na wote wakapiga makofi, na kule kisiwani mtu mwenye masharubu akajifuta uso kwa kofia. Iria akamkumbatia Adelino shingoni.

Yeye alisimama tu, nyuzi nyeusi midomoni. Alikuwa amejua jambo ambalo hakutaka kulijua. Kitambaa hiki hakipasuki kwa mzaha. Msichana wa miaka kumi na tisa mwenye meno madogo kama ya Deolinda, hakuuma pindo mara moja akaona limeachia. Aliuma akakusudia.

Simu ilipozimwa, alitoa joho la zamani mfukoni, akaketi akaliweka magotini.

"Njooni," alisema. "Nyie mna macho mapya. Hapa, juu ya sindano, palipo wazi. Kama pamewahi kushonwa, matundu ya uzi yangeonekana. Yapo?"

Iria alipiga magoti, akakivuta kitambaa kwenye mwanga. Akatazama muda mrefu.

"Yapo matundu, mzee. Lakini nondo wamepita palepale. Siwezi kuapa lipi la sindano na lipi la mdudu."

"Na sindano haina uzi."

"Bi Deolinda alikuwa akichomoa uzi kila akiacha kazi," alisema Baltasar. "Hata kwenye suruali yangu. Alisema sindano isilale na mkia. Kwa hiyo hiyo si hoja." Akachuchumaa upande wa pili, akalegeza sauti. "Alikuwa anashona, mzee. Mimi naona hivyo. Alijua anakwenda, akataka aufunge kwanza. Kwa ajili yako."

"Umesomea mashine."

"Hata hivyo."

"Iria, wewe unasemaje?"

Iria alibaki ameshika pindo lile kwa vidole viwili. Kisha akaliachia.

"Sijui, mzee. Na nikikwambia najua, utanishuku na mimi."

Ilikuwa kweli, naye hakubisha. Wakaondoka mmoja mmoja kwenda kwa wenzao, maana huko chini muziki ulikuwa umeanza. Uani yakabaki maua ya karatasi yaliyozidi, meupe na ya zambarau, upepo ukiyasukuma ukutani. Adelino akaichomoa sindano. Akaokota ule uzi mwekundu kwa kidole gumba na cha shahada, akauvuta kidogo. Ukaja, mshono mmoja ukalegea. Akaogopa, akauachia. Akaichomeka sindano palepale alipoitoa, au karibu na pale. Akimalizia kushona, atakuwa amefunga mlango ambao pengine mkewe alitumia nguvu zake za mwisho kuufungua. Akifumua, atakuwa ameharibu kazi ya mwisho ambayo pengine mkewe alimfanyia yeye. Plácido hayupo, Deolinda hayupo, na Quadros kama anajua hasemi. Basi mikono ile ya Desemba ilikuwa inashona au inafumua?